Michezo ya Kuwafunza Watoto Kupiga Chapa: Kiswahili Kiko Wapi?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ilinijia akilini nikiwa nimesimama nyuma ya mtoto wa miaka minane katika chumba cha tarakilishi cha shule moja ya msingi, ambako mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumejitolea kusaidia wakati wa likizo ya chuo. Mtoto yule alikuwa akicheza. Maneno yalikuwa yakidondoka kutoka juu ya kiwambo, naye alitakiwa kulipiga chapa kila neno kabla halijagusa chini. Alikuwa hodari. Likadondoka neno 'quilt'. Akalipiga herufi moja baada ya nyingine bila kosa, akapata alama zake, kisha akanigeukia na kuniuliza, "Mwalimu, huyu ni mnyama gani?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini kicheko changu kilikatika muda mfupi baadaye, mchezo ulipomtaka aandike jina lake ili liwekwe katika orodha ya washindi. Jina la ukoo wake lina sauti ya ng' ndani yake. Alipiga N, akapiga G, kisha vidole vikasimama. Alianza kukikagua kicharazio kama mgeni anayetafuta nyumba usiku. Ritifaa hakujua iliko. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa ameucheza mchezo ule, na alikuwa amejifunza kuandika 'quilt', neno asilolijua, ilhali jina la babake hakuweza kuliandika. Hatimaye aliliandika bila ritifaa, likawa jina la mtu mwingine.

Mpenzi msomaji, makala haya hayaandikwi kuilaumu michezo hii. Kinyume chake, ninaamini kwamba ni miongoni mwa mambo mazuri ambayo tarakilishi imewaletea watoto. Ninachodai ni kwamba mtoto wa Kenya ana haki ya kuvizoeza vidole vyake kwa lugha anayoielewa, kwamba Kiswahili kinafaa mno kwa mazoezi haya, na kwamba kazi ya kukiingiza humo haimsubiri mhandisi wala waziri. Inatusubiri sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili.

Michezo yenyewe

Kwanza tuitazame michezo hii ilivyo. Wengi waliojifunza kupiga chapa kwa tarakilishi watalikumbuka jina la Mavis Beacon. Programu ya Mavis Beacon Teaches Typing ilitolewa na kampuni ya The Software Toolworks ya Marekani mwaka 1987. Watu wengi waliamini kwamba Mavis Beacon ni mwalimu wa kweli. Kumbe alikuwa mhusika wa kubuni tu, na picha iliyo kwenye kasha ilikuwa ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti. Programu ile ililenga watu wa rika zote. Baadaye ilikuja michezo iliyowalenga watoto hasa. Shirika la BBC la Uingereza lilitoa Dance Mat Typing, yenye viwango vinne vya mafunzo na wanyama wanaoimba na kucheza ngoma kila mtoto anapokamilisha somo. Upo pia Tux Typing, ambao ni wa bure. Ndani yake yumo ngwini anayekimbilia samaki wanaodondoka wakiwa wamebeba herufi au maneno, na mtoto akilipiga chapa neno la samaki kabla halijafika chini, ngwini humla.

Mbinu ya michezo yote hii ni moja. Mtoto huanzishwa kwenye safu ya kati ya kicharazio, yaani A, S, D, F, G upande wa kushoto na H, J, K, L upande wa kulia, ambako vidole hupumzika. Akishaizoea, huongezewa safu ya juu, halafu ya chini. Kila kidole hupewa herufi zake. Mtoto hurudia zoezi lile lile mara nyingi, na mchezo ndio humfanya asichoke kurudia. Lau mwalimu angemwambia apige 'dad, sad, lad' mara hamsini, angelia. Ngwini akila samaki hamsini, mtoto huomba wa hamsini na moja.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Zoezi linalorudiwa mara nyingi namna hii huota mizizi. Vidole havijifunzi herufi peke yake. Hujifunza jinsi herufi zinavyofuatana. Na jinsi herufi zinavyofuatana hutofautiana kutoka lugha hadi lugha.

Kicharazio na lugha

Kicharazio tunachokitumia kilipangwa kwa ajili ya Kiingereza. Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti katika mji wa Milwaukee, Marekani, na wenzake ndio waliounda mashine ya kupigia chapa ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874, na mpangilio wa herufi tunaoujua ulipewa hataza mwaka 1878. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu sababu za kupangwa herufi namna ile. Tunachokijua ni kwamba mataifa mengine hayakuukubali mpangilio huo kama ulivyo. Wafaransa walizihamisha A na Q, na wao hutumia kicharazio kinachoanza kwa AZERTY. Wajerumani walibadilishana Y na Z, kwa kuwa katika lugha yao Z hutumika zaidi kuliko Y. Sisi tulikipokea kicharazio kama kilivyokuja, na sipendekezi tukibadilishe leo, maana gharama yake ingezidi faida. Ila tukikubali kicharazio cha wengine, je, ni lazima tukubali na mazoezi yao?

Hebu tuitazame methali ambayo kila mtoto wa Kenya huifahamu: haba na haba hujaza kibaba. Ina herufi 22. Kati ya hizo, A imetokea mara 9. Bila shaka methali hii imekithiri, lakini haidanganyi, kwani A ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiswahili, ilhali katika Kiingereza ni E. Sasa itazame sentensi maarufu ya Kiingereza ya kujifunzia kupiga chapa, ile ya mbweha anayemruka mbwa mvivu, ambayo imebuniwa makusudi ili itumie kila herufi ya alfabeti. Ina herufi 35. A imo mara 1 tu. Q imo mara 1, na X mara 1, nazo ni herufi zisizotumika kabisa katika maandishi ya Kiswahili sanifu. C nayo hatuitumii ila pamoja na H. Kwa hiyo mtoto huyu hutumia muda wake kuitafuta Q, huku A, atakayoihitaji karibu katika kila neno la lugha yake, ikipewa mazoezi haba.

Na A iko wapi? Iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kwa watu wengi ni miongoni mwa vidole dhaifu kuliko vyote. Anayepiga chapa Kiswahili hukitegemea kidole hicho kuliko anayepiga chapa Kiingereza. Kama kuna kidole kinachohitaji kufunzwa mapema na kwa utaratibu, basi ni hicho. Ritifaa nayo, iliyomshinda mtoto niliyemtaja, iko katika safu ile ile ya kati, karibu kabisa na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Si vigumu kuifikia. Kwa mwandishi wa Kiswahili, ritifaa ni sehemu ya sauti, na ndiyo inayotenganisha ng'ombe na ngoma. Katika michezo ya Kiingereza haina dharura hiyo, na ndiyo maana mtoto anaweza kucheza wiki tatu asiiguse.

Kiswahili kinafaa zaidi

Baada ya siku ile nilifanya jaribio dogo. Nilikaa chini na daftari na kujiuliza: mtoto anayeijua safu ya kati peke yake anaweza kuandika maneno gani ya Kiswahili? Nilitarajia machache. Nilipata dada, kaka, lala, saga, saa, haja, shaka, kasha, ghala, ghafla, sadaka, jalada, fasaha na lahaja, na orodha ingali inaendelea. Kwa kuwa A imo katika safu hiyo, na kwa kuwa A ndiyo irabu yetu kuu, mlango hufunguka siku ya kwanza. Isitoshe, kwa sababu ya jinsi vitenzi vyetu vinavyoundwa, mtoto huyu anaweza kuandika sentensi nzima bila kutoka katika safu ya kati: dada akala akalala. Hiyo ni hadithi. Ni fupi, lakini ina mhusika na matukio mawili, na mtoto ameiandika mwenyewe katika somo la kwanza.

Faida ya pili ni silabi. Watoto wetu hufundishwa kusoma Kiswahili kwa ba, be, bi, bo, bu. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti na irabu, na kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Tukiitazama hali hii kwenye kicharazio, tunakuta jambo la kupendeza. Irabu A na E ziko chini ya mkono wa kushoto, na I, O, U chini ya mkono wa kulia. Mtoto akiandika ka, la, ma, na, pa au ya, mkono wa kulia hutoa konsonanti na wa kushoto hutoa irabu. Akiandika si, to, vu au wi, mambo hugeuka: kushoto huanza, kulia humaliza. Mikono hupokezana kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchezo uliopangwa kwa silabi ungemfunza mtoto kupiga chapa na kusoma kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila silabi anayoisikia ana njia moja tu ya kuiandika. Kiingereza, ambacho tahajia yake huwatesa hata watu wazima, hakiwezi kumpa mtoto raha hiyo.

Hoja za wanaopinga

Najua wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mitihani na ya kazi, na kwa hiyo mtoto akizoea Kiingereza mapema ndio heri. Nawajibu kwamba mahali pa herufi hapabadiliki. Mtoto aliyeizoea K kwa neno kaka ataikuta K pale pale atakapoandika Kiingereza kesho. Tena sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema kisiwe peke yake. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Lugha rasmi isiyo na nafasi katika vidole vya watoto itakuwa rasmi katika makaratasi tu.

Wengine watasema kwamba vicharazio vinapitwa na wakati, kwamba watoto wa leo hugusa kiwambo au huzungumza na simu ikawaandikia. Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama mimi nisingekuwa naandika tasnifu. Mimi hupiga chapa kwa vidole viwili, kwa sababu hakuna aliyenifunza nikiwa mdogo. Sura ya kwanza ilinichosha hata nikaipeleka kwa mpigachapa mmoja mjini. Alikuwa na kasi ya ajabu, lakini vidole vyake vilizoea Kiingereza. Aliponirudishia kazi, ng'ambo lilikuwa limegeuka ngambo katika kila ukurasa, irabu zilizofuatana zilikuwa zimepungua moja, na tarakilishi yake ilikuwa imepigia karibu kila neno mstari mwekundu, kana kwamba lugha yangu nzima ni kosa. Nililipa mara mbili: kwanza kwa fedha, kisha kwa siku nne za kusahihisha. Anayedhani kwamba kuandika kwa kicharazio hakuna maana tena, na aulize wanafunzi wa uzamili wa idara yoyote ya Kiswahili.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni ya umaskini. Zipo shule zisizo na umeme wa kutegemewa, na zipo ambako watoto wengi hungojea mashine moja. Serikali iliahidi vipakatalishi mwaka 2013. Usambazaji ulipoanza mwaka 2016, vilivyowafikia wanafunzi vilikuwa tabuleti, na zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Kuna vilivyotumika vizuri na kuna vilivyofungiwa kabatini. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 uliutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Siwezi kudai kwamba mchezo utaleta umeme. Lakini mchezo kama Tux Typing hauhitaji intaneti ukishawekwa kwenye tarakilishi, wala hauhitaji mashine mpya. Watoto wawili wanaweza kupokezana, mmoja akicheza na mwingine akisoma maneno kwa sauti. Na pasipo na mashine, kicharazio kilichochorwa kwenye kadibodi kinaweza kufundisha mahali pa vidole mpaka mashine ipatikane. Hapa nako orodha ya maneno ndiyo inayohitajika.

Mwisho, wapo wanaohofia kwamba watoto wataharibiwa na michezo. Ninakubaliana nao kwa kiasi fulani. Kwa maoni yangu, mtoto na aanze na penseli. Ajue kuziunda herufi kwa mkono wake kabla ya kuzibonyeza. Akifika miaka saba au minane, dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, na kasi isitangulizwe mbele ya usahihi. Pia tusisahau kwamba mtoto wetu hakuanza kucheza pale tarakilishi ilipofika. Alikuwa na bao, kibe na vitendawili. Mchezo mzuri wa kupiga chapa ungejenga juu ya hayo.

Tufanye nini?

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si lazima uwe mhandisi ili uweze kuutia Kiswahili katika mchezo wa aina hii. Tux Typing umetolewa chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza, na orodha zake za maneno ni faili za maandishi ya kawaida, neno moja katika kila mstari. Mwalimu anaweza kuongeza orodha yake mwenyewe. Kazi ya kiufundi ni ndogo. Kazi iliyobaki ni kuchagua maneno, na hiyo ni kazi ya lugha.

Tena ni kazi inayotaka ujuzi. Ni maneno gani yanayomfaa mtoto wa Lamu, wa Garissa na wa Kisumu kwa pamoja? Yapangwe vipi ili yatoke katika safu ya kati kwenda ya juu, na hatimaye ya chini? Sauti za ng', ny, ch, sh, dh, th na gh ziingizwe lini? Miungano kama mb, nd, kw na mw, ambayo Mswahili huiandika kila siku, izoezwe kwa maneno gani? Na mchezo umwambie nini mtoto anapokosea: "umekosa" au "jaribu tena"? Napendekeza pia vitendawili. Kiwambo kitege, mtoto ajibu kwa vidole. Nyumba yangu haina mlango. Naye apige herufi tatu, yai. Atakuwa amecheza mchezo wa bibi yake kwa chombo cha kizazi chake.

Hatutakuwa wa kwanza kuthubutu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Waliofanya hivyo walilazimika kutafuta istilahi nyingi. Sisi tunatakiwa kutafuta maneno ambayo watoto wanayajua tayari.

Kwa hiyo nauomba uongozi wa chama chetu uunde kikundi kidogo cha watu watano au sita. Kazi yake ya kwanza iwe orodha ya maneno mia moja ya safu ya kati. Mimi nimeanza, na daftari langu lina maneno thelathini na saba hadi sasa. Ya pili iwe orodha ya silabi, na ya tatu iwe ya vitendawili vyenye majibu mafupi. Kisha tuzipeleke katika shule moja, tukae nyuma ya watoto, tuone wanapokwama, turudi tusahihishe. Tusingojee ufadhili, maana kalamu na daftari tunazo.

Mara nyingi katika makongamano yetu tumelalamika kwamba Kiswahili kimeachwa nyuma na teknolojia. Huenda ni kweli. Lakini yule mtoto hakunyimwa ritifaa na mtu yeyote. Ilikuwa pale pale, nafasi chache tu kutoka kwenye kidole chake, na hapakuwa na wa kumwonyesha. Nilimwonyesha siku ile, na kabla kengele haijalia alikuwa ameliandika jina la babake mara sita. Wapo wengine wengi wanaongoja kuonyeshwa. Wapenzi wa Kiswahili, penye nia pana njia.